UKURASA WA NYUMBA: Nambari ya Ushuru Ni Amana ya Mwenyewe



Wasomaji wapenzi, mwezi huu ukurasa wetu wazungumza juu ya karatasi moja ambayo nyumba nyingi za Waislamu hapa Kenya huipuuza mpaka siku ya haja. Karatasi hiyo ni cheti cha nambari ya ushuru, ambacho watu wamezoea kukiita PIN. Huenda msomaji akasema, "Mambo ya ushuru ni ya matajiri na wenye maduka makubwa, mimi yanihusu nini?" Jawabu ni kwamba yakuhusu, nawe mama yakuhusu, na kijana wako aliyemaliza shule juzi yamhusu zaidi kuliko nyote wawili. Mara nyingi mtu hakosi haki yake kwa kuwa si yake, bali huikosa kwa kuwa siku ya kuidai hana karatasi mkononi, au karatasi anayo lakini ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Tutaeleza basi, kwa utaratibu, nambari hii ni nini, nani apasiwa kuwa nayo, karatasi gani zatakiwa, na mwenye kuipata ana wajibu gani baadaye. Tunawaomba wazazi waisome makala hii pamoja na watoto wao.

NAMBARI HII NI NINI

Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, yaani KRA, ilianza kazi tarehe 1 Julai 1995. Lakini nambari ya PIN ni kongwe kuliko mamlaka yenyewe, kwani ilianza kutumika mapema katika miaka ya 1990. Kila mlipa ushuru hupewa nambari moja tu, naye hukaa nayo maisha yake yote. Ina herufi na tarakimu kumi na moja kwa jumla: yaanza kwa herufi moja, zafuata tarakimu tisa, kisha yamalizika kwa herufi nyingine. Nambari ya mtu binafsi huanza kwa herufi A, na ya kampuni huanza kwa herufi P. Kwa hiyo ukiiona karatasi ya mwenye duka imeanza kwa A, jua kuwa biashara ile imeandikwa kwa jina lake mwenyewe.

Wako watu waiitao "kadi ya PIN", wakadhani ni kadi kama kitambulisho cha taifa. Kwa hakika ni cheti cha karatasi, ambacho mwenyewe aweza kukichapisha tena kila akitakapo kutoka katika mtandao wa KRA uitwao iTax. Kikiraruka au kikipotea hakuna msiba. Msiba ni kuupoteza ufunguo wa kuingilia katika mtandao huo, nasi tutalirudia jambo hili mbele.

NANI APASIWA KUWA NAYO

Kwanza ni raia wa Kenya mwenye kitambulisho cha taifa, naye hukipata afikapo umri wa miaka 18. Si lazima awe na kazi wala biashara. Mwanafunzi aweza kuipata, na mama akaaye nyumbani aweza kuipata.

Pili ni mgeni akaaye nchini kwa kibali, mwenye kitambulisho cha wageni. Yeye hutakiwa aonyeshe hati zake za ukaaji pamoja na pasipoti.

Tatu ni kampuni, chama na jumuiya. Kamati ya msikiti au ya madrasa iliyosajiliwa kisheria, ikitaka kufungua akaunti ya benki kwa jina lake, itaulizwa nambari ya jumuiya yenyewe. Haitoshi kutumia ya mweka hazina. Mwenye kuweka mali ya waumini chini ya nambari yake binafsi ajitia katika mashaka, hata akiwa mwaminifu, kwa kuwa daftari la serikali litaiona mali ile kuwa ni yake.

Yafaa tusimame kidogo kwa mama na dada zetu. Katika nyumba nyingi mume ana PIN, na mke husema, "Ya bwana yatosha." Haitoshi. Dini yetu imempa mwanamke mali yake: mahari yake ni yake, urithi wake ni wake, na chumo lake ni lake. Na daftari za serikali nazo zamwandika kila mtu peke yake. Mwanamke asiyekuwa na nambari yake hulazimika kuweka shamba lake, gari lake au akaunti yake kwa jina la kaka au mume. Maadamu pana mapenzi hapana neno. Likitokea la kutokea, akiachwa au akifiwa, hapo ndipo atakapojua kuwa chake kimeandikwa kwa jina lisilo lake.

HUULIZWA WAPI

Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 imeyataja mambo ambayo hayafanyiki bila ya PIN. Tutataja yale yaingiayo nyumbani mwetu. Kusajili ardhi na kulipia ushuru wa stempu kwa hati zake. Kuidhinishiwa ramani ya jengo. Kuweka amana ili nyumba iunganishwe umeme au maji. Kusajili gari au pikipiki, au kuihamisha kutoka jina hili kwenda jina lile. Kusajili jina la biashara au kampuni, na kupata leseni ya biashara. Kukata bima. Kuagiza bidhaa kutoka nje na kuzitoa bandarini. Kuuzia serikali bidhaa au kuifanyia kazi kwa mkataba. Kupata nambari ya kupokelea malipo dukani kwa simu. Na kufungua akaunti ya benki. Hata benki zifuatazo sharia, kama Gulf African Bank iliyoanza kazi mwaka 2008, haziwezi kukufungulia mlango huo bila nambari hii, kwani sheria ya nchi ni moja kwa benki zote.

Kijana naye huikuta njiani kila mahali. Akiajiriwa, mwajiri humwuliza kabla ya mshahara wa kwanza. Akiomba kazi ya serikali, mara nyingi huambiwa alete pia cheti kionyeshacho kuwa hana deni la ushuru. Cheti hicho hutolewa bure, na hudumu miezi kumi na miwili, lakini hakipati ila mwenye PIN ambaye amejaza taarifa zake za kila mwaka.

Jambo kubwa zaidi ni mirathi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuamua mambo ya ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu walioridhia kuhukumiwa hapo. Tuseme Kadhi ameshagawanya, na kila mrithi ameijua sehemu yake: mjane thumni yake, na watoto yaliyobaki. Hukumu ile ni njema, lakini ardhi haihami kwa hukumu peke yake. Hapana budi majina yaandikwe katika afisi ya ardhi, na huko kila mrithi mtu mzima ataulizwa kitambulisho na PIN. Ikiwa katika warithi saba wawili hawana, basi watano wangoja. Na kungoja katika mambo ya mirathi ni hatari. Mrithi mmoja hufariki, warithi wake wakazidi kuwa wengi, wengine wakasafiri, na shamba lililokuwa la watoto saba likawa la wajukuu arobaini wasiojuana. Ugomvi mwingi wa ardhi utokao katika nyumba zetu haukuanza kwa dhuluma, ulianza kwa uvivu wa karatasi.

KARATASI ZITAKIWAZO, NA SHIDA YA MAJINA

Kwa raia, mambo yatakiwayo ni machache: nambari ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi kama lilivyoandikwa wakati wa kuchukua kitambulisho, mahali akaapo, nambari ya simu, na anwani ya barua pepe. Ikiwa ameajiriwa, ataulizwa pia PIN ya mwajiri wake. Mtandao wa iTax huyalinganisha majibu hayo na daftari la serikali la kuandikisha watu. Yakiafikiana, cheti hutoka muda si mrefu. Yasipoafikiana, ombi hukataliwa papo hapo.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, na sababu ni majina. Cheti cha kuzaliwa chasema Muhammad, kitambulisho chasema Mohamed, hati ya shamba yasema Mohamedi bin Omari. Mama katika karatasi moja ni Fatma, na katika nyingine ni Fatuma. Baba aliandikwa kwa jina la ukoo mahali pamoja, na kwa jina la babu mahali pengine. Sisi kwa sisi twajua kuwa ni mtu mmoja, bali mashine haijui. Yaona herufi tu, na herufi moja ikipungua yasema huyu si yule.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, kabla ya kuomba PIN, kitazame kitambulisho na uandike kila jina kama lilivyo humo, hata kama si hivyo ulivyozoea kuliandika. Usimsahihishe karani ndani ya fomu. Kwanza sahihisha kitambulisho chenyewe kwa msajili wa watu, ndipo uombe. Ya pili, kama jina la zamani limo katika hati ya ardhi au cheti cha ndoa, fanya hati ya kiapo mbele ya wakili ukisema kuwa majina yale mawili ni ya mtu mmoja, na uiweke pamoja na karatasi zako. Jambo hili lafaa kufanywa wakati wazee wangali hai, maana wao ndio mashahidi.

Na je, asiyekuwa na kitambulisho? Hapa hatuna budi kusema kweli iliyo chungu. Kwa miaka mingi vijana wa Kiislamu wa mikoa ya mpakani, na baadhi ya watu wa pwani, wamepata taabu kubwa ya kupata kitambulisho. Walipelekwa mbele ya kamati za mchujo, wakaulizwa karatasi za babu na bibi, hali wenzao wa sehemu nyingine hawakuulizwa. Kijana aliyekosa kitambulisho alikosa PIN, na aliyekosa PIN alikosa akaunti, kazi na biashara ya halali iliyo wazi. Wapemba walioishi Kilifi na Kwale kwa vizazi kadhaa, wengi wao wakiwa wavuvi, hawakutambuliwa kuwa raia mpaka mwaka 2023. Na mwezi wa Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa mchujo ule wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani.

Hatusemi kuwa shida zote zimekwisha kwa tangazo moja. Lakini mlango uliofunguliwa hauna faida kwa asiyeuingia. Mzazi mwenye kijana aliyetimiza miaka 18, naye hajakwenda kuandikishwa kwa kukata tamaa ya zamani, na amwondoe leo aende kwa msajili na cheti chake cha kuzaliwa pamoja na nakala za vitambulisho vya wazazi. Akikipata kitambulisho, PIN iwe ni hatua ya pili, na si ya miaka kumi baadaye.

JINSI YA KUIOMBA

Nambari hii hutolewa bure. Serikali haitozi hata senti moja. Mwenye simu nzuri au kompyuta aweza kujiandikisha mwenyewe katika iTax, na asiyeweza aende Huduma Centre iliyo karibu naye, ambako yako meza ya KRA na makarani wa kumsaidia. Wengi wetu huenda katika duka la saiba, na si vibaya, maana yule kijana naye yuatafuta riziki. Ila yajulikane kuwa zile pesa alipwazo ni ujira wa mkono wake, si ada ya serikali.

Katika duka la saiba, chunga mambo matatu.

La kwanza ni anwani ya barua pepe. Wako wenye maduka waandikao anwani yao wenyewe kwa kuwa mteja hana yake. Tangu siku hiyo, kila barua ya KRA na kila neno jipya la siri litakwenda kwake yeye. Duka likifungwa, au kijana akihamia mji mwingine, ufunguo wako umekwenda naye. Basi kabla ya kuomba PIN, fungua kwanza anwani yako, na kama hujui, mwambie mwanao akufungulie, kisha iandikwe katika daftari la nyumbani.

La pili ni neno la siri. Mwenye duka akimaliza kazi, libadilishe mwenyewe kabla hujaondoka. Usimwachie kwa kusema, "Huyu ni kama ndugu yangu." Hata ndugu humwachii ufunguo wa sanduku lako bila haja.

La tatu ni aina za ushuru zinazowekwa katika jina lako. Mtu wa kawaida huandikiwa ushuru wa mapato tu. Karani asiyejua, au mwenye haraka, huweza kukuandikia pia ushuru wa VAT, au ule wa mwajiri mwenye wafanyakazi. Aina hizo zina taarifa za kila mwezi, na asiyepeleka hutozwa faini isiyopungua shilingi 10,000 kwa taarifa moja. Kijana asiyekuwa na kazi aweza kujikuta ana deni la mamia ya maelfu kwa alama moja iliyowekwa pasipo mahali pake. Kwa hiyo kitazame cheti chako, na usome orodha ya aina zilizoandikwa humo. Ukiona usilolijua, liulize siku ile ile.

Hutokea pia mtu akaomba, akajibiwa kuwa kitambulisho chake kina PIN tayari. Asishtuke. Huenda mwajiri wa zamani alimwandikisha, naye akasahau. Kwa kuwa mtu hapewi nambari mbili, aende afisi ya KRA au Huduma Centre na kitambulisho chake, akaitoe ile ya kwanza na abadilishiwe anwani ya barua pepe iwe yake.

UKISHAIPATA, UNA WAJIBU

Wengi hudhani kazi imekwisha siku cheti kilipochapishwa. La, kazi ndiyo kwanza yaanza. Mwaka wa ushuru wa mtu binafsi huanza Januari 1 na kumalizika Desemba 31, na taarifa ya mwaka huo, ambayo wengi huiita ritani, hupelekwa kabla ya kupita tarehe 30 Juni ya mwaka ufuatao. Aliyepata PIN mwezi wa Machi 2024, kwa mfano, ritani yake ya kwanza ilikuwa mwisho wake ni tarehe 30 Juni 2025.

Asiyekuwa na pato lolote naye yampasa aseme kuwa hana. Hiyo ndiyo iitwayo ritani ya sufuri. Haina malipo, lakini kuiacha kuna malipo. Faini ya mtu binafsi aliyechelewa ni shilingi 2,000, au asilimia 5 ya ushuru aliopaswa kulipa, yoyote iliyo kubwa zaidi. Msichana aliyechukua PIN alipoingia chuoni, akaisahau miaka mitano, siku anapoitwa kazini hukuta anadaiwa shilingi 10,000 kabla hajapokea mshahara hata mmoja. Hakuiba wala hakudhulumu mtu. Alinyamaza tu, na kunyamaza kuna bei yake.

Mwenye mshahara asiseme, "Mimi hukatwa kila mwezi, basi nimemaliza." Kukatwa ni jambo moja na kupeleka ritani ni jambo jingine. Mwajiri hupaswa kumpa fomu iitwayo P9, yenye hesabu ya mwaka mzima. Amdai, kisha ajaze kwa hesabu hiyo.

Na mwenye pato asiandike sufuri. Mjane mwenye vyumba vya kupangisha, apokeaye kodi ya nyumba shilingi 30,000 kwa mwezi, pato lake la mwaka ni 360,000. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kuwa, tangu Januari 2024, kodi ya nyumba za kuishi iliyo kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5. Kwa hesabu hiyo ushuru wake ni shilingi 2,250 kwa mwezi. Akiujua mapema ataupanga katika matumizi yake. Asipoujua, wanawe watakuja kuurithi ukiwa ni deni pamoja na faini na riba.

Wako wenye kuuliza kama ushuru huu watosha mahali pa zaka. Hautoshi. Zaka ni ibada yenye kiwango chake, wakati wake na watu wake waliotajwa, na ushuru ni wajibu wa nchi. Huu haumwondolei mtu ule, wala ule haumwondolei huu.

USIIAZIME NAMBARI YAKO

Tumefika katika shina la maneno yetu. Sheria imesema kuwa PIN ni ya mtu mwenyewe aliyepewa. Lakini katika mitaa yetu imekuwa jambo jepesi kumwambia jamaa, "Nipe PIN yako nitoe gari bandarini," au "Tuandike tenda kwa jina la dada, yeye hana deni." Mwenye kuombwa huona haya kukataa, na pengine hupewa kitu kidogo cha mkononi.

Tazama yatokeayo. Gari limesajiliwa kwa jina lako, likagonga mtu, nawe ndiwe utakayetafutwa. Bidhaa zimeingizwa kwa nambari yako kwa mamilioni, nawe umepeleka ritani ya sufuri. Karani wa ushuru atauliza fedha zile zilitoka wapi. Tenda imelipwa kwa jina la dada, ushuru haukulipwa, na dada aomba cheti cha kutokuwa na deni ili aajiriwe kuwa mwalimu, hakipati. Aliyeazima ametoweka, au yupo lakini hana la kusema. Undugu umevunjika kwa nambari.

Aliyekuwa na haja ya kweli na achukue yake, maana ni bure. Ukiona mtu anaitaka yako badala ya kuchukua yake, uliza kwa upole: yake ina nini? Jawabu la swali hilo mara nyingi latosha kukuokoa.

Na nambari ya marehemu haifai kuendelea kutumiwa. Msimamizi wa mirathi apeleke cheti cha kifo kwa KRA, amalize ritani zilizobaki, kisha aombe nambari ifungwe. Deni la ushuru, kama madeni mengine, hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Ama mtoto mdogo, asiyefikia miaka 18, sehemu yake yabaki katika mikono ya mlezi au msimamizi wake, naye mlezi na ajue kuwa hesabu yake itaulizwa huku na itaulizwa kule.

NASAHA YETU

Mwezi huu, ninyi wenye nyumba, kaeni jioni moja na watu wenu na mfanye haya. Toeni vitambulisho vyote mviweke mezani, mlinganishe majina yake na vyeti vya kuzaliwa na hati za ardhi. Andikeni katika daftari moja ni nani mwenye PIN na ni nani hana. Kila mwenye nayo na aingie katika iTax aone kama anwani ya barua pepe ni yake, kama aina za ushuru ni zake, na kama ritani za miaka iliyopita zimekwenda. Asiyekuwa nayo, naye ametimiza miaka 18, na apangiwe siku ya kwenda. Mama na asiachwe nyuma, wala binti asiambiwe angoje kuolewa.

Nambari, daftari na cheti ni vitu vikavu, na moyo wa mtu hauvipendi. Lakini ndani yake mna thumni ya mjane, mna mshahara wa kwanza wa kijana, na mna amani ya ndugu siku ya kugawanya shamba. Anayevichunga wakati wa raha hatavitafuta wakati wa dhiki.